Elimu na Riziki Katika Pwani ya Kusini: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Chuo Kidogo



Nimeombwa niseme juu ya maisha ya mwanafunzi, masomo yake, na njia za riziki zinazomngoja akiisha kutoka katika chuo kidogo. Na kwa kuwa wasaa niliopewa si mrefu, nami nimezoea kuona wasikilizaji wakishindwa na usingizi baada ya pilau, nitatanguliza kiini cha maneno yangu ili atakayesinzia asiondoke mikono mitupu. Nasema kwamba katika pwani hii ya kusini waajiri wakubwa wamezaliwa na kufa mbele ya macho yetu, na mwanafunzi anayesoma kwa ajili ya mwajiri mmoja anajiandalia ujane. Atafute elimu itakayomzidi umri mwajiri wake. Na chuo kidogo, kilichokaa karibu na mashamba, hospitali, bahari na hoteli zenyewe, kina wasaa wa kumpa elimu hiyo kuliko chuo kikubwa cha mbali, ijapokuwa aghalabu wasaa huo tunauacha upite.

Chuo kidogo si jambo geni kwetu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, chenye tawi lake hapa Kwale, kilianzia katika fikira za watu wa mwishoni mwa miaka ya 1940, ambapo Seyyid Khalifa bin Harub, Sultani wa Zanzibar, pamoja na Aga Khan, jamaa ya Mabohora na serikali ya Kiingereza, walichanga ardhi, majengo na fedha ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, waliokuwa wameachwa nyuma katika shule za kisasa, wapate mahali pa kujifunza ufundi. Mwaka 1951 Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa ikapokea wanafunzi wake wa kwanza. Baadaye ikafungua milango kwa watu wa dini zote. Mwaka 1966 ikaitwa Taasisi ya Ufundi, mwaka 1972 Politekniki, mwaka 2007 Chuo Kikuu Kishiriki, na mapema mwaka 2013, wakati uleule ambapo Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi nacho kilikuwa kikipata hati yake, ikawa chuo kikuu kamili. Majina matano katika miaka 62! Ajuaye tarehe hizi hawezi kumcheka mtu kwa kusoma mahali padogo, maana kile tunachokitazama kwa fahari ng'ambo ya Likoni kilikuwa karakana kabla ya kuwa kasri.

Waasisi wale walitaka mikono yenye akili. Sisi wazazi wa leo tumeigeuza nia yao, tukawa tunataka karatasi ya digrii itakayotundikwa sebuleni, na mtoto akisema anataka kusomea mabomba au umeme tunamtazama kana kwamba ametutukana. Nitalirudia jambo hili kwa njia nyingine. Kwa sasa yatosha kusema kwamba ubaya huu haukuletwa na vyuo, tuliuleta sisi tulioketi hapa mbele kwenye viti vya matandiko.

Ama haya ya kusoma chuo kidogo ipo, tusifiche. Nilipata kusafiri katika matatu iliyotoka Ukunda kwenda Likoni, na mzee mmoja aliyebeba furushi la mihogo akamuuliza kijana aliyekaa ubavuni pake anasoma wapi. Kijana akajibu kwa sauti ya kujiamini, "Nasoma Mombasa, babu." Mzee akamwombea dua njema. Gari lilipofika Kombani, kijana akagonga bati, akateremka, akavuka barabara na kusimama pale yanapongojewa magari ya kupanda Kwale; na mzee, ambaye macho yake hayakuwa na kasoro, akatabasamu peke yake wala asiseme neno. Kijana yule hakudanganya kwa uovu. Alikuwa amefundishwa, na jamaa zake na pengine na wenzake waliokwenda Nairobi na Eldoret, kwamba elimu hupimwa kwa umbali wa nauli.

Nami nasema ukaribu una heri zake nyingi, na nitazitaja mbili tu zilizo karibu na moyo wangu. Ya kwanza ni gharama. Mwanafunzi anayerudi kwao Ijumaa akapanda tena mlima huu wa Kwale Jumapili jioni na nazi mbili, unga wa muhogo na kibuyu cha mafuta, hana mashaka ya yule aliyeko mbali ambaye mkopo ukichelewa hulala na chai kavu. Ya pili ni ya mabinti zetu. Wako akina baba katika kaunti hii, nawajua, ambao hawangeridhia kumpeleka binti mahali pa safari ya siku nzima, lakini chuo kilipokuwa juu ya mlima wanaouona kutoka shambani wakakubali. Na binti aliyesoma hapa miaka miwili, akishinda, baba huyohuyo humtafutia nauli ya kwenda mbali zaidi. Leo gavana wa kaunti hii ni mwanamke wa kwanza kuishika nafasi hiyo, Bi Fatuma Achani, mwanasheria. Wala siamini kwamba mabinti walioketi safu ile ya kati hawajalitazama jambo hilo na kulifanyia hesabu zao.

Ukaribu una hatari yake pia. Anayekwenda kwao kila Ijumaa hukosa yale yanayofundishwa baada ya masomo: mabishano ya usiku bwenini, maktaba ya Jumamosi, na zaidi ya yote kujuana na watu asiokuwa amezaliwa nao. Nimeona wanafunzi waliokaa chuoni miaka minne na marafiki walewale waliotoka nao shule ya upili, wakila meza moja na kutaniana utani uleule. Chuo kikubwa humlazimisha mtu kukutana na wageni. Katika chuo kidogo wageni hao hawaji wenyewe, na mwanafunzi hana budi kuwaendea.

Sasa niwapeleke Ramisi. Vijana wa leo hupita pale wakienda Lunga Lunga wasijue kwamba tangu miaka ya 1920 palikuwa na sukari, kiwanda, nyumba za wafanyakazi, duka, zahanati na timu ya mpira, na kwamba kuajiriwa Ramisi kulikuwa kwa mzazi sawa na kuajiriwa serikalini. Mwaka 1988 kiwanda kikafa. Mashamba yakageuka kichaka, mishahara ikakatika, na ikapita miaka mingi kabla ya kiwanda kingine cha miwa kuja kujaribu bahati katika ardhi ileile. Nilikuwa na jamaa na majirani miongoni mwa walioachwa pale, na tangu siku zile nimekuwa nikijiuliza kwa nini msiba uliowapata wote haukuwaangusha wote. Mmoja alikuwa fundi wa boila. Mvuke ni mvuke, ukiwa unachemsha maji ya miwa au unafua mashuka. Baada ya muda si mrefu alikuwa katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Diani, akiheshimiwa na kuogopwa, maana akikasirika yeye wageni walilala bila shuka. Mwenziwe alikuwa karani, mwenye hati nzuri kuliko watu wote niliowahi kuwaona, naye alijua fomu za kiwanda kile zote kwa moyo, rangi zake na namba zake. Kiwanda kilipokufa fomu zikafa nacho, na karani akarudi shambani kwa ndugu yake. Wote wawili walikuwa watu wa akili na bidii. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alijifunza kazi na wa pili alijifunza ofisi.

Hoteli nazo, zilizompokea fundi wetu, hazikuwa ngome. Machafuko yalipozuka Likoni mwezi wa Agosti 1997 na kuenea upande wetu huu, wageni waliondoka na vyumba vikabaki vitupu. Yakatokea tena mfano wake baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Kisha mwaka 2020 ikaja korona, ndege zikakatika, na ufuo wa Diani, ambao watu waliuona kama hazina isiyoweza kuibwa, ukakaa kimya miezi. Na juzi tu tumeona mgodi. Base Titanium ilisafirisha shehena yake ya kwanza kupitia Likoni mwezi wa Februari 2014, ikachimba ilmenaiti, rutaili na zirikoni katika vilima vya mchanga vya Maumba na Nguluku, ikaajiri vijana wetu na kuwalipia wengine karo, na mwezi wa Desemba 2024 uchimbaji ukakoma kwa kuwa mchanga wenye madini ulikuwa umekwisha. Hapakuwa na hila katika jambo hili; mgodi ulizaliwa na tarehe ya kufa ikiwa mfukoni, na kila aliyetaka kuijua aliweza kuijua. Hata hivyo nilikutana na vijana waliosomea kazi za mgodi kana kwamba mchanga wa Kwale unazaa.

Kaunti imetumia mali nyingi kuwafikisha watoto chuoni. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, mpango wa Elimu ni Sasa, ulioanzishwa katika siku za Gavana Salim Mvurya, umekuwa ukitengewa hata shilingi milioni 400 kwa mwaka, na maelfu ya nyumba zisizokuwa na msomi hata mmoja sasa zina wawili au watatu. Ni ihsani kubwa, na asiyeishukuru ni mwizi wa fadhila. Lakini karo humfikisha mtoto mlangoni, nayo haiwezi kumchagulia la kujifunza akiisha kuingia.

Mtaniuliza, basi elimu hiyo yenye umri mrefu inapatikana wapi? Nami nitajibu: teremkeni Gazi, ni mwendo wa matatu moja kutoka Ukunda. Mikoko ya ghuba ile ilikatwa sana katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda, hata sehemu nyingine zikabaki tope tupu. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, miongoni mwao Dakta James Kairo, wakaanza mapema katika miaka ya 1990 kupanda tena pamoja na wanakijiji, na hawakuondoka. Mwaka 2013 ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambapo wenyeji wanahifadhi hekta 117 za msitu na kuuza hewa ya ukaa inayofungwa katika miti na tope lake. Fedha zake zimeleta maji ya mfereji na kusaidia shule, na mwaka 2017 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Haya mnayasoma magazetini. Msiloliona magazetini ni kazi yenyewe, na hiyo ndiyo ninayotaka muitazame kwa karibu.

Maji yakikupwa, watu huingia msituni na kamba ya kupimia, fito na daftari. Mmoja hupima unene wa mti kwa kimo cha mita 1.3 kutoka chini. Lakini mkoko wenyewe, ambao husimama juu ya mizizi iliyo hewani, hupimwa juu ya mzizi wa mwisho, na asiyejua kuutofautisha na mkandaa au muia atapima mahali pasipo. Anayepima hutamka namba kwa sauti, anayeandika huirudia, kisha huiandika kwa penseli, kwa maana wino wa kalamu huyeyuka ukiguswa na maji ya chumvi. Tope huvuta kiatu, mbu hawana huruma, na maji yakianza kujaa hakuna anayesubiri mwenzake amalize kulalamika. Sasa fikirini: namba ile ya penseli ndiyo inayokwenda kuwa hesabu ya tani za hewa, nayo hesabu hiyo ndiyo inayomfanya mnunuzi aliyeko Ulaya atoe fedha, na fedha hizo ndizo zinazofungua bomba la Gazi. Anayeandika ovyo anamnyima mama maji. Wala msidhani kwamba ni kazi ya wanafunzi wa sayansi peke yao, kwa kuwa mnunuzi hutaka vitabu vya fedha vilivyokaguliwa, kijiji hutaka mkutano unaoendeshwa kwa haki, na anayejua kuandika taarifa fupi isiyo na chuku huko hutafutwa kama daktari.

Kupima kwa uaminifu, kuandika yaliyoonekana wala si yaliyotarajiwa, kuweka hesabu ambazo mtu mwingine anaweza kuzifuata: mtu mwenye tabia hizi, mradi wa mikoko ukifa kesho, atahitajika hospitalini, bandarini, katika ushirika wa wavuvi na katika ofisi ya forodha ya Lunga Lunga.

Msambweni kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, na kando yake chuo cha mafunzo ya utabibu. Kadhalika kwa miongo mingi watafiti kutoka sehemu mbalimbali za dunia wamekuja Msambweni na vijiji vyake kuchunguza kichocho, matende, malaria, na karibuni homa ya dengi na chikungunya, hata majina ya vijiji vyetu yanajulikana katika majarida ya tiba kuliko yanavyojulikana Nairobi. Nina neno moja chungu hapa, nanyi mnisamehe. Mtoto wa Kwale ameshiriki sana katika elimu hiyo, lakini mara nyingi ameshiriki kwa kutoa damu na mkojo. Wakati umefika ashiriki kwa kuuliza swali. Wapo waliofanya hivyo: Profesa Hamadi Boga, mzaliwa wa kaunti hii, aliyekuja kukiongoza Chuo Kikuu cha Taita Taveta na baadaye kuwa Katibu katika Wizara ya Kilimo, utafiti wake wa uanazuoni ulihusu viumbe wasioonekana kwa jicho wanaoishi tumboni mwa mchwa. Mchwa! Nani kati yenu hana mchwa kwao? Nyumba ngapi za makuti na udongo zimeliwa nao, na ni nani aliyewahi kukaa akajiuliza wanazisagaje mbao?

Nije sasa kwenye jambo linalowatia wasiwasi wengi wenu kuliko mtihani, nalo ni yale mafunzo ya kazini ambayo nyote mnayaita atachimenti. Aghalabu ni majuma 8 hadi 12. Mwanafunzi hupiga chapa barua ishirini, akazisambaza Ukunda na Diani, akajibiwa na mbili, na ya pili ni ya kumwambia nafasi zimejaa. Akipokewa, hujilipia nauli, hujilipia chakula, na huenda akamaliza majuma hayo akichemsha chai na kutoa nakala za karatasi, kisha jioni ya mwisho msimamizi akamjazia daftari lake kwa kalamu moja na mwandiko mmoja kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nimeyaona madaftari hayo. Mwalimu aliyezoea huyatambua kwa wino tu.

Lawama hapa ina pande mbili. Mwajiri amekosa, lakini mwanafunzi aliyetumwa kuchemsha chai katika ofisi ya hesabu, akakaa humo majuma 10 asiulize hata siku moja kwa nini kitabu cha mapokezi na cha benki havikulingana mwisho wa mwezi, naye amekosa, na kosa lake litamgharimu yeye zaidi. Katika ofisi ndogo za pwani hii mwenye kazi hana muda wa kufundisha, ila ni nadra akatae kujibu. Chuo kidogo kina faida hapa ambayo hatuitumii: mwalimu anawajua wanafunzi wake kwa majina na tabia, na anawajua nusu ya wenye ofisi. Mwalimu wa chuo cha wanafunzi elfu 40 huandika barua ya kumsifu mtu asiyemkumbuka sura. Mwalimu wa hapa anaweza kupiga simu akasema, huyu ni mpole lakini hesabu zake hazina mawaa, mpeni daftari msimpe birika.

Wako pia waliokuja kwa njia ndefu. Aliyekosa alama ya C+ katika mtihani wa kidato cha nne hazuiliwi daima na digrii, kwa kuwa zipo njia za kupanda kutoka cheti hadi diploma, na kutoka diploma hadi shahada. Njia hiyo inachukua miaka, na jamaa humsema aliyemo, "Bado tu anasoma?" Mimi ningekuwa mwajiri ningemchukua huyo kwanza. Amekwisha kufanya kazi kwa mikono katika ngazi ya chini, anajua waya unapokatikia, na wakati wenzake wanaanza kujifunza jinsi ya kusimama mbele ya fundi mkali, yeye ana kovu lake tayari. Vilevile wale vijana wa ufuoni ambao tunawapita kwa dharau, na ambao wanazungumza Kijerumani na Kiitaliano, lugha walizoziokota kwa wageni bila darasa wala mwalimu, wana elimu iliyotuzidi wengi wetu wenye vyeti. Serikali imeanza kuweka utaratibu wa kuupima na kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya shule, na sioni kwa nini chuo cha hapa kisiwe cha kwanza kuwafungulia mlango, nao wakatufundisha lugha hizo huku sisi tukiwafundisha kuziandika.

Nina maombi ya kutenda. Nyinyi wa mwaka wa kwanza, kabla ya muhula huu kwisha, kila mmoja atafute mtu mmoja anayefanya kazi ambayo yeye haielewi, awe mpishi wa Diani, mpima samaki wa Shimoni au muuguzi wa Msambweni, akae naye siku nzima na kuandika alichokiona, kwa penseli ikilazimu. Walimu wenzangu, isomeni kazi hiyo kama mnavyosoma mtihani. Nanyi wenye hoteli, maduka na ofisi mlioitikia mwaliko huu, barua ya mwanafunzi ikifika mezani ijibuni, hata kama jibu ni hapana. Na mkimchukua mlipieni nauli ya Ukunda, maana haizidi bei ya chupa za maji mnazowawekea wageni wasizozifungua.

Nimemaliza. Maswali nitayapokea, na naomba yaanze kwa hao waliosimama nyuma karibu na mlango.